Kelvini Ngapi, Rangi Gani? Mjadala juu ya Mwanga wa Singida na Kioo cha Simu

Halijoto ya rangi ni kipimo kinachoeleza jinsi mwanga ulivyoegemea wekundu au ubuluu kwa kuulinganisha na mwanga wa kitu kilichopashwa moto hadi kikang'aa, na huandikwa kwa kelvini, vizio vya halijoto vinavyoanza kuhesabiwa kutoka sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Namba hizo zimekwisha kufika madukani, kwa kuwa sanduku la balbu huandikwa 3,000 K au 6,500 K, ingawa mnunuzi wa mjini Singida huomba tu taa ya njano au taa nyeupe akaeleweka. Zimefika pia katika simu, ambamo kamera huziweka au huzikisia kila picha inapopigwa, na katika programu za michoro zinazogeuza kelvini kuwa namba tatu za skrini, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kila moja ikianzia 0 na kuishia 255.

Hoja inayojadiliwa hapa ni kama kuijua halijoto ya rangi ya mwanga kunatosha kuijua rangi yake katika skrini. Sauti zinazojibizana ni tatu, nazo hazina majina: Mwalimu wa fizikia, Mpiga Picha, na mama anayeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu. Jambo lililo mezani ni ukurasa wa kidijitali wa kufundishia unaokusudiwa kuonyesha mwanga wa siku nzima katika Ziwa Singidani, tangu alfajiri hadi vibatari vinapowashwa, kila saa ikiwa na rangi yake.

Mwalimu: Msingi wa jambo hili ni gimba jeusi, yaani kitu cha nadharia kinachofyonza mwanga wote unaokiangukia, na ambacho kikipashwa moto hutoa mwanga unaotegemea halijoto yake peke yake, liwe gimba la chuma, la mkaa au la udongo. Wilhelm Wien alionyesha mwaka 1893 kwamba kadiri halijoto inavyopanda ndivyo kilele cha mnururisho kinavyosogea kuelekea mawimbi mafupi, upande wa buluu, na mwaka 1900 Max Planck akatoa kanuni kamili inayoeleza nishati inayotoka katika kila urefu wa wimbi. Ikigawanywa 2,898 kwa kelvini, hupatikana urefu wa wimbi wa kilele hicho kwa mikromita. Uso wa jua, wenye kelvini 5,772, una kilele karibu na nanomita 502, ndani kabisa ya mwanga unaoonekana. Waya wa balbu ya zamani, wenye kelvini 2,700, una kilele nanomita 1,073, mahali ambapo jicho halioni chochote, na ndiyo maana balbu ile iliunguza vidole vizuri kuliko ilivyoangaza chumba.

Mpiga Picha: Hayo yanafaa kwa waya na kwa jua, na hata kwa kibatari, kwa sababu mwali wake hung'aa kwa chembe za masizi zilizoshika moto, ambazo zinakaribia sana kuwa gimba jeusi la kelvini 1,900 au 2,000. Lakini Mwalimu anakusudia kuweka katika ukurasa wake pia kivuli cha miamba ya graniti inayolizunguka ziwa, nacho hupewa kelvini 10,000 na kuendelea. Hakuna kilichopashwa moto kivulini pale. Mwanga unaofika humo umetoka katika anga la buluu, na anga ni la buluu kwa kuwa molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu, kama Lord Rayleigh alivyoeleza mwaka 1871. Kuliita anga kitu cha kelvini 10,000 ni kulisingizia moto ambalo halina.

Mwalimu: Pingamizi hilo lina jibu la kawaida. Kwa mwanga usiotoka katika kitu cha moto husemwa halijoto ya rangi linganifu, maana yake halijoto ya gimba jeusi ambalo rangi yake inaukaribia mwanga huo kuliko gimba jingine lolote katika ramani ya rangi. Ni jina la jirani wa karibu. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, iliweka ramani ya namna hiyo mwaka 1931, na katika ramani hiyo magimba meusi yote hukaa juu ya mstari mmoja uliopinda, unaoanza kwenye wekundu, ukapita karibu na weupe na kuishia kwenye ubuluu.

Mpiga Picha: Na jirani huweza kuwa mbali kiasi gani? Mwanga wa mchana wenyewe haukai juu ya mstari huo. Mwanga sanifu wa mchana uitwao D65, ambao ndio weupe wa karibu skrini zote za dunia, una halijoto linganifu ya takriban kelvini 6,504, ila umeegemea kijani kidogo kuliko gimba jeusi la halijoto hiyohiyo. Tena ramani yenyewe ya 1931 ilitokana na majaribio ya W. D. Wright na John Guild huko Uingereza katika miaka ya 1920, yaliyotumia macho ya watu 17.

Kuhusu watu hao 17, Mpiga Picha amesema kweli lakini hajapata alichokitafuta, kwa sababu jedwali walilolizaa limedumu karibu miaka mia moja na vipimo vya baadaye vimelirekebisha kwa kiasi kidogo tu. Kuhusu jirani wa karibu, hata hivyo, ameligusa jambo ambalo mjadala utalirudia kwa uzito zaidi mama wa mafuta atakapozungumza. Kwa sasa inatosha kushika kwamba kelvini ni namba moja, ilhali rangi ya mwanga, hata bila kuhesabu ukali wake, inahitaji namba mbili ili ipate mahali pake katika ramani. Kwa hiyo mwenye kelvini peke yake ameshika nusu ya anwani.

Mwalimu: Nusu hiyo yatosha kwa kazi iliyopo. Njia kamili ya kugeuza ina hatua zinazojulikana. Kwanza spektra, yaani mgawanyo wa nishati katika kila urefu wa wimbi, huzidishwa kwa majedwali matatu ya CIE na kujumlishwa, zikapatikana namba tatu ziitwazo X, Y na Z. Kisha namba hizo hupitishwa katika matriki, ambayo ni jedwali la namba tisa, ili ziwe nyekundu, kijani na buluu za kiwango cha sRGB, kilichopendekezwa na kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996. Mwisho hupindwa kwa kipeo cha takriban 1 kwa 2.4, kwa kuwa skrini haiandiki mwanga kwa uwiano wa moja kwa moja: nusu ya mwanga huandikwa 188, wala haiandikwi 128, na mwanafunzi anayesahau hatua hii hupata rangi nzito kupita kiasi na kumlaumu Planck bure. Kwa asiyetaka safari yote hiyo ipo kanuni fupi iliyotolewa mwaka 2012 na mwandishi wa programu Tanner Helland, inayotumia logi na vipeo vichache kukaribia jedwali lililokwisha kukokotolewa. Kwa kanuni hiyo kelvini 2,000 huwa 255, 137, 14. Kelvini 2,700 huwa 255, 167, 87. Kelvini 4,000 huwa 255, 206, 166. Kelvini 5,500 huwa 255, 237, 222. Na kelvini 10,000 huwa 202, 218, 255. Ukurasa wa Singidani unaweza kujazwa kwa saa moja.

Mpiga Picha: Ukurasa utajazwa, na utakuwa wa uongo. Anayekaa usiku chini ya balbu ya kelvini 2,700 hauoni ukuta wa chokaa ukiwa na rangi ya chungwa, bali huuona mweupe, labda mweupe wenye joto kidogo, na karatasi ya daftari huiona nyeupe, na meno ya mwenziwe huyaona meupe. Namba 255, 167, 87 zikimwagwa katika kioo cha simu hutoa chungwa la embe bivu. Nani amewahi kuiona Singida ya namna hiyo?

Swali hili ndilo kitovu cha mjadala, na jibu lake lilikwisha kuwekewa msingi mwaka 1902 na Johannes von Kries, aliyependekeza kwamba jicho hurekebisha unyeti wa kila aina ya vihisi vyake vya rangi kulingana na mwanga uliopo, kana kwamba lina vali tatu zinazofunguliwa na kufungwa kila moja peke yake. Mwanga ukizidi wekundu, kihisi cha wekundu hupunguzwa. Ukipungukiwa na buluu, kihisi cha buluu huongezwa. Na baada ya muda mfupi kitu cheupe hurudi kuonekana cheupe. Skrini inapoandika 255, 167, 87 haimwambii mtazamaji jinsi balbu inavyoonekana kwa aliye chini yake. Inamwambia jinsi balbu ingeonekana kwa mtu ambaye macho yake yamezoea mwanga wa D65 na ambaye anaichungulia balbu hiyo kutoka nje, mchana. Namba za Mwalimu kwa hiyo si za uongo, kinyume cha madai ya Mpiga Picha; ni kweli za mtazamaji ambaye hakutajwa, na kasoro ya ukurasa imo katika kutomtaja.

Mwalimu: Kama ni hivyo, basi mtazamaji atajwe: macho yazoee mchana, na kila mwanga mwingine uonekane kwa kulinganishwa na mchana huo.

Mpiga Picha: Mchana upi? Saa rasmi ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na mji wa Singida uko karibu na nyuzi 34.75, kwa hiyo jua hufika kileleni kwa wastani dakika 40 hivi baada ya saa sita. Mji upo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya kuchuja ubuluu ni pungufu kuliko Pwani, na kwa kuwa latitudo yake haifiki nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Lakini Oktoba ni kiangazi, na vumbi limetanda. Mchana wa Machi, baada ya mvua kuosha hewa, ni mwanga mwingine. Tena 255 ya nyekundu imewekwa kwenye kibatari na kwenye jua la adhuhuri vilevile, kana kwamba ukali wake ni mmoja, wakati adhuhuri huangaza ardhi kwa takriban laksi 100,000, na mshumaa ulio umbali wa mita moja huangaza kwa laksi moja.

Mwalimu: Ukali hauwezi kubebwa na skrini yoyote, huachwa kwa makusudi. Na tofauti za mchana mmoja na mwingine ni za kelvini mia kadhaa tu, ambazo kwa mwanga wenye kelvini nyingi jicho hazilishtui. Ikigawanywa milioni moja kwa kelvini hupatikana kipimo kiitwacho miredi, ambacho kinafuata hisia ya jicho vizuri zaidi: kutoka 2,700 hadi 2,800 kuna miredi 13, lakini kutoka 6,500 hadi 6,600 kuna miredi 2 na kitu. Hitilafu ya kelvini mia moja ambayo ni kubwa kwa taa ya njano ni hafifu kwa anga.

Katika hoja ya ukali Mwalimu amejitetea vizuri, na katika hoja ya miredi vizuri zaidi. Hata hivyo mkoa wa Singida unao mfano unaoonyesha kwamba tatizo la kumtafuta mtazamaji halimalizwi kwa kuchagua mchana, nao ni shamba la alizeti lililochanua. Kamera ya simu haijui kelvini za mwanga unaoangukia shamba, huzikisia. Njia kongwe ya kukisia, iliyoandikwa na Gershon Buchsbaum mwaka 1980 na ambayo mabaki yake yamo katika kamera nyingi, inadhani kwamba wastani wa rangi zote katika mandhari ni kijivu, hivi kwamba wastani ukielemea njano basi mwanga ndio wa njano na lazima urekebishwe. Dhana hiyo inafaa sokoni, mahali ambapo nguo, nyanya, mabati na nyuso huchanganyika. Katika ekari kadhaa za alizeti inaanguka kabisa, kwa sababu petali za alizeti zina karotenoidi zinazofyonza mwanga wa buluu, na wastani wa mandhari ni wa njano kweli ingawa jua la kelvini 5,500 halina hatia. Kamera basi huongeza buluu na kupunguza nyekundu: petali zinapauka na kuelekea rangi ya limau, udongo unapoteza wekundu wake, na wingu lililokuwa jeupe linaingia ubuluu. Mkulima anayeiangalia picha hiyo hudhani simu yake ni mbovu, ilhali simu imetii kanuni yake sawasawa. (Nyuki wanaoleta asali ya Singida huliona ua hilo vingine kabisa, kwa kuwa ncha za petali huakisi urujuanimno na sehemu za ndani huufyonza, jambo ambalo hakuna kelvini wala sRGB inayolibeba.)

Mpiga Picha: Dawa yake ni kuinyang'anya kamera ruhusa ya kukisia. Mpiga picha hushikisha mtu kadi ya kijivu inayoakisi asilimia 18 ya mwanga, akaipima, akaifunga kamera hapo. Au huweka 5,500 kwa mkono. Karatasi ya ofisini haifai, kwa kuwa hutiwa kemikali za kuing'arisha ambazo hugeuza urujuanimno kuwa buluu, na adhuhuri ya Singida ina urujuanimno mwingi.

Mwalimu: Kwa hiyo Mpiga Picha, baada ya kuzikataa kelvini, anaiwekea kamera kelvini 5,500 kwa mkono wake mwenyewe.

Mpiga Picha: Kelvini zinazotumiwa kuondoa mwanga zinakubalika, Mwalimu. Kinachopingwa ni kelvini zinazotumiwa kuupaka.

Tofauti hii ya kuondoa na kupaka ndiyo iliyofichika tangu mwanzo. Kamera hutumia halijoto ya rangi ili kufuta athari ya mwanga, ibaki rangi ya kitu. Ukurasa wa Mwalimu unaitumia ili kuonyesha mwanga wenyewe. Hesabu ni ileile ikienda mbele na kurudi nyuma, na anayechanganya mielekeo hiyo miwili hupata picha ya jioni iliyosafishwa hadi ikawa mchana, au picha ya mafuta iliyopakwa njano ambayo haimo katika chupa. Hapo ndipo sauti ya tatu inapoingia, nayo haina subira na nadharia.

Mama: Mwalimu, na wewe Bwana Picha, shikamooni kwa elimu, lakini mteja wa Dodoma anataka picha ya mafuta kabla hajatuma pesa. Chupa ikipigwa picha barabarani saa nne asubuhi, mafuta ni ya dhahabu. Ikipigwa jioni ndani ya kibanda chini ya taa nyeupe, yanaonekana yamepauka, mteja anauliza kama yamechanganywa. Mafuta ni yaleyale. Taa imeandikwa 6,500, na mmesema 6,500 ni mchana. Sasa mchana huo mbona unamharibia mtu biashara?

Mwalimu: Mama ameuliza swali gumu kuliko yote. Taa ya LED nyeupe haina kitu kinachowaka moto wa kelvini 6,500. Ina kipande kidogo kinachotoa buluu ya karibu nanomita 450, kilichofunikwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Jicho likichanganya buluu na njano huona weupe, na hesabu ya jirani wa karibu hutoa 6,500 bila kusema uongo. Lakini spektra yake ina bonde karibu na nanomita 480 na upungufu wa nyekundu, ambavyo jua halina. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa kiwandani hufyonza buluu na kupitisha njano na nyekundu. Taa isipotoa nyekundu ya kutosha, chupa haina cha kupitisha.

Mpiga Picha: Na hakuna kadi ya kijivu itakayorudisha nyekundu ambayo taa haikuitoa.

Mama: Basi hiyo namba ya sandukuni haimfai muuza mafuta.

Inamfaa nusunusu, na sandukuni huweza kuwapo namba nyingine inayomfaa zaidi: kipimo cha uaminifu wa rangi, kifupi chake CRI, ambacho kwa balbu ya waya ni 100 na kwa LED za bei nafuu hushuka wazi. Biashara ya mafuta, kwa kweli, iliacha zamani kutegemea jicho na taa yoyote iliyopo. Joseph Lovibond, mtengenezaji bia wa Uingereza, alibuni katika miaka ya 1880 chombo cha kulinganisha kimiminika na vioo vya rangi vilivyopangwa kwa daraja, na hadi leo maabara hutaja rangi ya mafuta ya kupikia kwa vizio vyake vya njano na nyekundu, mafuta yakiwa katika chombo chenye kina cha milimita 133.4, kwa kuwa kina kikibadilika rangi nayo hubadilika. Mwanga wa kutazamia umefungwa ndani ya chombo. Maabara imeamua swali la mtazamaji kwa kuweka mtazamaji mmoja, taa moja na unene mmoja. Mama hana chombo hicho, na mteja wake wa Dodoma huenda ameiwasha simu yake hali ya usiku, ambayo huteremsha weupe wa skrini hadi kelvini pungufu ili isiwaumize macho wasomaji wa usiku, na hivyo kuyapaka mafuta njano ambayo hata barabarani hayakuwa nayo.

Mama: Basi nipeni la kufanya, msinipe la kufikiri.

Mpiga Picha: Chupa iwekwe nje, kivulini pasipo na ukuta wa rangi karibu, na kando yake iwekwe sahani nyeupe ya bati. Mteja akiiona sahani ni nyeupe ajue mafuta ni ya rangi yake. Akiiona sahani ni ya njano ajue simu yake ndiyo ya njano.

Ushauri huo ni wa kuondoa mwanga, na kwa mafuta unatosha. Kwa ukurasa wa Singidani hautoshi, kwa sababu jioni iliyoondolewa mwanga wake si jioni tena, na Mwalimu anarudi na pendekezo la mwisho ambalo Mpiga Picha halikubali moja kwa moja wala halitupi. Mifumo ya kisasa ya kukokotoa mwonekano wa rangi, kama CIECAM02 ya CIE, ina namba kati ya 0 na 1 inayoeleza jicho limeuzoea mwanga kwa kiasi gani, na katika mwanga hafifu namba hiyo haifiki 1. Aliyekaa kando ya kibatari huona karatasi iliyo nyeupe kiasi na ya njano kiasi. Mwalimu anapendekeza kibatari kisipakwe kwa kelvini 2,000 zake wala kisisafishwe kuwa 6,500, bali kiwekwe katikati kwa miredi: 500 na 154 zina wastani wa 327, sawa na kelvini 3,060 hivi, ambazo kwa kanuni fupi ni 255, 179, 114. Mpiga Picha anaiona rangi hiyo ni nzuri, lakini anataka nusu hiyo iwe theluthi, kwa hoja kwamba anayetazama ukurasa ameshika skrini yenye mwanga wake mwenyewe na macho yake hayajazama gizani kama ya mwenye kibatari. Na wote wawili wanakubali kwamba, ikiwa chupa ya mama itaonekana katika ukurasa huohuo wa usiku, itabidi ikokotolewe kwa weupe tofauti na ule wa ukuta ulio nyuma yake.